Mama Hakusimama

Wageni wa koito walikuwa waje Jumamosi asubuhi, watu wa upande wa kijana, Noah, kuulizana ukoo na kupatana ng'ombe wa mahari. Na mpaka Alhamisi jioni nyumba ya Nicholas ilikuwa haijakubaliana mama wa msichana akae kwa kiti gani.

Sofa ilikataliwa kwanza. Ilikuwa imebonyea katikati, na Rodah akishazama pale alihitaji kuvutwa kama gari lililokwama. Kiti cha plastiki nacho kiliteleza kwa sakafu ya simiti. Mwishowe Nicholas akaenda stoo akatoa kiti cha mbao kilichokuwa cha baba yake, kile chenye mikono, akakipangusa mavi ya kuku, akakiweka karibu na ukuta, mbali na mlango.

"Kaa hapo tuone."

Rodah akashika mikono ya kiti, akatanguliza mguu wa kulia mbele ukiwa umenyooka, ndipo akajishusha. Nicholas alimwangalia kama fundi anayepima dirisha.

"Mguu unaonekana."

"Sasa niuweke wapi, Baba Chepkemboi? Niuache nje?"

"Ukunje kidogo."

"Haukunjiki."

"Kidogo tu."

"Basi kunja wako, uwe wa sisi wawili."

Nicholas hakucheka. Alileta leso, akaitandaza mapajani mwa mkewe mpaka ikafunika vidole vya miguu, akarudi nyuma kuangalia tena. "Wakiingia watakukuta umekaa tayari. Wakitoka watakuacha umekaa. Hakuna mtu atajua kitu."

"Na nikitaka kwenda choo?"

Nicholas alifikiri. "Usinywe chai asubuhi."

Nyuma ya goti la Rodah kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la bata. Haukuwa mgumu. Ukiubonyeza ulirudi, na ulikuwa unavuta mshipa mpaka kwa paja. Daktari kijana wa kliniki ya soko alikuwa amemweleza vizuri, hata akachora. Goti lenyewe limeliwa na ugonjwa wa viungo, alisema. Likiwaka linatengeneza maji mengi, na yale maji yakikosa pa kwenda yanasukumwa nyuma yanafanya kifuko. Angeweza kuyavuta kwa sindano, lakini yangerudi, kwa sababu goti bado linawaka. Akampa vidonge. Akamwambia uvimbe usikandwe, asibebe mzigo, asipige magoti, na asishuke mteremko.

"Daktari, wewe umetoka wapi?" Rodah alimuuliza.

"Mumias."

"Ndiyo maana."

Kwa sababu Mumias ni tambarare, na shamba la Rodah lote lilikuwa mteremko. Chai ilianzia nyuma ya jiko ikashuka mpaka kwa kijito, na mtu akichuma majani alishuka na kikapu kitupu akapanda na kikapu kizito. Watu hudhani kupanda ndiko kubaya. Mwenye goti anajua ni kushuka. Rodah alikuwa amejifunza kushuka akiangalia nyuma, kama mtu anayeshuka ngazi, akishikilia michai kwa mikono miwili, na majirani wakimuona alijifanya anatafuta magugu.

Lakini si maumivu aliyokuwa anayaficha. Maumivu kila mtu anayo. Mama yake mzazi alimalizia maisha akitambaa kutoka jikoni hadi kitandani, na siku ya koito ya dada yake mkubwa wageni walimkuta hivyo, mlangoni, kwa mikono na magoti. Waliondoka bila kuketi. Tangu siku hiyo kule kwao watu walisema "nyumba ya magoti", na dada yake hakuolewa kwa heshima. Rodah alipoolewa mbali na kwao alifurahi kwamba lile jina limebaki kule. Sasa lilikuwa limemfuata, likakaa nyuma ya goti lake, na binti yake Chepkemboi ndiye angelilipia.

*

Ijumaa asubuhi Rodah aliita mtu wa kumkanda.

Hakumwambia Nicholas. Alimwambia Jerusa tu, jirani yake aliyetoka mbali, ambaye mumewe alifanya kazi kiwanda cha chai na ambaye alikuwa amekuja kusaidia kukanda unga wa chapati za kesho.

"Nataka kusimama mara moja tu," Rodah alisema. "Wamama wakifika mlangoni niinuke, niwakumbatie, nichukue mizigo yao, nirudi nikae. Mara moja. Baada ya hapo mguu ufanye unavyotaka."

"Na daktari alisema nini?"

"Alisema usikandwe."

"Sasa?"

"Yeye hana koito kesho."

Jerusa akafuta unga mikononi. "Sisi kwetu ungelia tu mbele ya wageni, ukasema wazi ni ugonjwa, watu walie na wewe, mkaendelea na chakula."

"Huku tukilia wanahesabu kasoro," Rodah alisema.

Kogo Cheptoo alikuja na mafuta yake ya ng'ombe kwa chupa. Alikuwa mama mzee wa mikono mikubwa, aliyewahi kurudisha mabega yaliyoteguka na shingo za watoto, na hakuna mtu aliyemkumbuka akiumiza mtu. Alimlaza Rodah kifudifudi juu ya benchi, akapapasa uvimbe, akatikisa kichwa.

"Hii ni damu imejifunga fundo. Nani amekuachia mpaka ikawa kubwa hivi?"

"Daktari anasema ni maji."

"Maji yakae kwa mtu bila kumwagika?" Kogo Cheptoo akacheka, akamimina mafuta. "Shika benchi, mama."

Alikanda kutoka juu kwenda chini, kwanza kwa viganja, halafu kwa kidole gumba. Rodah aliuma leso. Jerusa alitoka nje kwenda kuangalia moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Halafu kitu kikapasuka ndani, bila sauti, na Rodah akasikia kama maji ya moto yanateremka chini ya ngozi, polepole, mpaka kwa kifundo cha mguu.

"Umeona?" Kogo Cheptoo alisema. "Kimeenda."

Na kweli kilikuwa kimeenda. Rodah alipeleka mkono nyuma ya goti akakuta ngozi tu. Alikunja mguu, ukakunjika. Alisimama, akatembea mpaka kwa mlango, akarudi, akaanza kucheka peke yake kama msichana. Jerusa akapiga kigelegele cha chini kwa chini. Nicholas alipotoka senta ya majani ya chai akamkuta mkewe akifagia, akasimama na kikapu mgongoni.

"Kiti nirudishe stoo?" akauliza.

"Rudisha."

Hakukirudisha, kwa vile alikuwa mtu wa kuchelewesha mambo, na ilikuwa bahati.

Kufikia saa ya kukamua ng'ombe, shavu la mguu lilikuwa limejaa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Rangi ikaanza kubadilika kuelekea kwa kifundo, ya zambarau, kama mtu aliyepigwa na rungu. Rodah alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa jikoni akaushika ule mguu kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia.

*

Chepkemboi alifika jioni hiyo kutoka Kabianga, ambako alikuwa na duka dogo la fotokopi mbele ya chuo. Alikuwa amesuka nywele na kununua viatu. Aliuona mguu wa mama yake kabla hajaweka mfuko chini.

"Nani amefanya hii?"

"Shikamoo kwanza," Nicholas alisema.

"Shikamoo, Baba. Nani amefanya hii?"

Hakuna aliyejibu, kwa hiyo alijua. Akampigia simu yule daktari kijana, akaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Inaweza kuwa kile kifuko kimepasuka na maji yameshuka," sauti ilisema. "Hiyo huisha yenyewe. Lakini pia inaweza kuwa damu imeganda kwa mshipa, na hiyo inaua. Kwa macho zinafanana, mimi siwezi kuzitofautisha nikiwa hapa. Apelekwe hospitali kubwa apigwe picha. Leo, si kesho."

"Asante, daktari," Rodah alisema kutoka kwa ndoo. "Jumapili."

"Mama, amesema leo."

"Nimemsikia. Jumapili nitaenda, hata kwa wilibaro."

"Baba, mpigie baba yake Noah. Mwambie tusongeze siku."

Nicholas alivua kofia akaivaa tena. "Nimwambie ni kwa nini?"

"Mwambie Mama ni mgonjwa."

"Atauliza ni mgonjwa wa nini."

Jerusa akaendelea kupanga chapati, kama mtu ambaye hayuko.

"Mimi sitaki koito ya kuua mtu," Chepkemboi alisema mwishowe. "Noah hajali magoti. Nilishamwambia."

Rodah akainua kichwa. "Ulimwambia?"

"Zamani."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba unaumwa na magoti, na mama yako pia aliumwa, na labda mimi nitaumwa. Akasema sawa. Akasema wao kwao wana vipara."

Jerusa alicheka, akajizuia. Rodah hakucheka. "Noah ni mtoto," alisema. "Noah anachunga mashine ya kupoza maziwa huko Sigor. Anayeoa ni watu wake. Usiseme tena hiyo maneno hapa. Umesikia?"

Chepkemboi alichukua maji ya chumvi akapiga magoti mbele ya mama yake kuosha ule mguu. Alipiga magoti upesi tu, bila kufikiri, vile watu wazima wa mwili hufanya. Rodah aliyaangalia yale magoti kwa muda mrefu.

Nicholas alienda kukamua. Aliweka paji la uso kwa ubavu wa ng'ombe na kukaa hivyo, chuchu mikononi, maziwa hayatoki, mpaka ng'ombe akageuka kumuangalia. Alitaka sana mtu amwambie, mpeleke. Kama mkewe angesema neno moja angekimbia barabarani kutafuta gari. Lakini mkewe hakusema, na yeye alikuwa amezoea kwamba mambo ya nyumba anayeamua ni Rodah.

*

Wageni walifika ukungu ukiwa bado juu ya chai. Baba yake Noah, Kipsang, alitembea mbele na fimbo yake, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Halafu Janeffer, dada yake Kipsang, mwanamke mrefu anayenunua na kuuza mitamba soko la Siongiroi, na anayejulikana pale kwa kumfungua ng'ombe mdomo mwenyewe bila kumwomba mwenye ng'ombe ruhusa. Mwisho alikuja mke wa Kipsang, Rebeccah, mama yake Noah, mdogo wa mwili, akiwa amebeba kibuyu cha maziwa kilichofungwa kwa kitambaa cheupe.

Wanaume waliingia wakapeana mikono na Nicholas. Wamama walifika kizingitini wakasimama. Hapo ndipo mama wa nyumba hutoka akawakumbatia, akapokea walichobeba, akawaingiza. Walisimama. Kuku akapita katikati yao.

"Karibuni!" Rodah aliita kutoka kwa kiti chake karibu na ukuta, leso ikiwa imefunika mpaka chini. Alinyoosha mikono yote miwili hewani. "Karibuni sana, ingieni ndani!"

Janeffer akachungulia. "Mama yuko wapi?"

"Ni mimi huyu."

"Oo. Nilidhani ni mgeni kama sisi."

Nicholas akacheka kwa nguvu, peke yake. Rebeccah ndiye aliyevuka sakafu, akainama, akamshika Rodah mikono. Aliona jasho juu ya mdomo wake, asubuhi ya baridi namna ile. Alirudi akakaa na kibuyu chake mapajani, kwa sababu hakuna aliyekipokea.

Maneno yalianza vizuri. Waliulizana koo za baba na za mama, wakafuata majina nyuma mpaka wakahakikisha hakuna mahali damu zimekutana. Mzee mmoja akasimulia jambo refu kuhusu mkwe wa zamani na ng'ombe mwenye pembe moja, watu wakacheka pale pa kucheka. Rodah alicheka pia. Chini ya leso mguu ulikuwa unapiga kama moyo wa pili.

"Sasa," Kipsang alisema, "tuulizane ya afya, kama vile watu huulizana. Sisi upande wetu hakuna kifafa, hakuna wazimu. Hapa kuna ugonjwa wowote unaotembea na nyumba?"

Nicholas hakumwangalia mkewe. "Hakuna. Tuko wazima kama mnavyotuona."

"Tunawaona mkiwa mmekaa," Janeffer alisema.

Jikoni, Chepkemboi aliweka kisu chini.

"Huyo mama ana mdomo," Jerusa alimnong'oneza. "Tulia. Kata nyama."

Janeffer alijinyoosha, akapanga kitambaa chake. Alikuwa amemwangalia Rodah tangu aingie, na kile alichokiona hakikuwa ugonjwa. Aliona mwanamke mwenye chai na nyumba ya simiti ambaye amewakalia watu wa ng'ombe kama chifu. "Mama Chepkemboi," alisema kwa upole, "nipeleke choo."

"Chepkemboi atakupeleka. Chepkemboi!"

"Sijamwita Chepkemboi. Wamama hupelekana."

"Ni karibu tu, nyuma ya jiko."

"Hata kama ni karibu."

Rodah alishika mikono ya kiti. Kila mtu aliona akiishika. Kila mtu alingoja. Akaiachilia.

"Atakupeleka Chepkemboi," akasema tena, chini chini.

"Basi nitajikaza," Janeffer alisema, akamgeukia ndugu yake. "Kipsang, inuka twende. Unaongea na baba, na mama ameshajibu. Tumeingia hakusimama. Nimemwomba kitu mtu hanyimwi, hakusimama. Unataka akuambie kwa barua?"

"Si hivyo," Nicholas alisema. "Si hivyo, bamwai, mkwe mwenzangu, ngoja, si hivyo hata kidogo..."

"Ni vipi basi?" Kipsang akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, na hiyo ni mbaya zaidi. Alingoja jibu, na Nicholas akafungua mdomo na kuufunga. Kipsang akachukua fimbo yake. Wazee wawili wakachukua zao. Rebeccah akainuka na kibuyu chake ambacho hakuna aliyekifungua.

"Mzee," Rodah alisema. "Ngoja."

Akaiondoa leso.

Alikuwa amevaa rinda lake la kanisa, na alilivuta mwenyewe mpaka juu ya goti, mbele ya baba mkwe wa binti yake na wazee wa watu. Mguu ulikuwa umefura kuliko jana. Goti halikuwa na umbo. Chini yake ngozi ilikuwa inang'aa, na zambarau ilikuwa imeshuka ikazunguka kifundo na kuingia ndani ya kiatu. Mzee mmoja akaangalia dari.

"Sikatai kusimama," Rodah alisema. "Siwezi. Ni ugonjwa wa goti na uko kwetu. Mama yangu alikuwa nao. Tulisema hakuna kwa sababu tuliogopa mtaondoka. Sasa mnaondoka kwa sababu nyingine, kwa hivyo nimeona afadhali muende na ile ya ukweli."

Akashusha rinda. Nicholas alikuwa ameketi akiangalia viatu vyake.

Janeffer ndiye aliyekuja kwanza, akachuchumaa mbele ya kiti, akabonyeza shavu la mguu kwa kidole kimoja, taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua kushika mnyama mwenye maumivu. "Pole, mama," alisema, na alimaanisha. Halafu, bado amechuchumaa, akauliza, "Mama yako, ilikuwa magoti yote mawili?"

"Yote."

"Ilianza akiwa na umri gani?"

"Kama huu wangu. Labda chini."

"Na ndugu zako?"

"Dada mmoja."

Janeffer akatikisa kichwa, akainuka, akajipangusa. Alikuwa amerudi sokoni; hata yeye hakujua amerudi. "Msichana aitwe."

Chepkemboi alikuja na mikono yenye mafuta ya nyama, akasimama katikati ya chumba akijipangusa kwa aproni.

"Si kwa ubaya, mwanangu," Janeffer alisema. "Chuchumaa hapo. Kabisa, mpaka chini. Halafu inuka bila kushika kitu. Mara kama mbili tatu, tuone tu."

Nje boda ilipita barabarani, ikapotea. Kipsang alisema "Janeffer," lakini alilisema kama mtu anayekohoa. Nicholas hakuinua macho. Chepkemboi alimwangalia mama yake, na Rodah aliona kwamba mtoto hakuwa na hasira. Alikuwa tayari. Alikuwa ameshashika sketi kwa mikono miwili kuipandisha kidogo, vile mtu hufanya kabla ya kuchuchumaa, na alikuwa anafanya hivyo kwa ajili yake, ili jambo hili liishe na mama apelekwe hospitali.

Rodah akasimama.

Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyetegemea. Kiti kiligonga ukuta nyuma yake. Aliyumba, akashika hewa, akapata ubavu wa kabati, akasimama.

"Wacha hiyo, Chepkemboi. Teremsha sketi." Pumzi ilikuwa inamtoka vipande vipande. "Mguu mbaya ni huu. Uongo ni wetu, mimi na baba yake. Huyu hajadanganya mtu, hata Noah alishamwambia yote. Kama mnataka mtu wa kuwachuchumalia leo, mimi ndiye mama wa nyumba. Ngojeni nijaribu."

Janeffer akafungua mdomo. Kipsang akainua fimbo kidogo tu, na dada yake akaufunga.

"Tutoke nje kidogo," Kipsang alisema.

*

Walisimama pale michai inapoanzia, umande ukiwalowesha viatu. Kutoka ndani mtu aliweza kuona tu mikono ya Janeffer ikipanda na kushuka.

"Ni damu, Kipsang," alikuwa anasema. "Si homa. Utapata wajukuu wa kutambaa."

"Wajukuu wote hutambaa," mzee wa ng'ombe mwenye pembe moja alisema, lakini hakuna aliyemjali.

Rebeccah alikuwa hajasema neno tangu Siongiroi. Alihamisha kibuyu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Janeffer, wewe una presha."

"Presha ni ya kila mtu."

"Na mama yenu alikuwa nayo. Ikamwangusha kwa zizi. Nilipokuja kwenu nani aliniambia?"

Janeffer aliangalia kijito.

"Noah ameshajua hili goti, umesikia mwenyewe," Rebeccah aliendelea, kwa sauti ile ile ya mtu aliyechoka na safari. "Nitarudi nimwambie nini? Kwamba tulikataa kwa kitu alichokijua yeye zamani?"

Ndani, Chepkemboi alikuwa amesogeza kiti nyuma ya mama yake. "Mama, kaa. Wametoka. Hawakuoni."

"Nikikaa sitaweza kuinuka tena."

"Basi usiinuke!"

"Wakirudi wanikute nimesimama."

"Na wasiporudi?"

Nicholas alikuja akasimama karibu na mkewe, upande wa mguu mbaya, bila kumgusa. Alinuka maziwa. "Ningesema ukweli mwenyewe," alisema. "Ilikuwa iko hapa mdomoni."

"Najua."

"Ikakataa kutoka."

"Najua, Baba Chepkemboi. Sogea kidogo, nishike bega."

Akamshika bega. Mazungumzo ya nje yalichukua muda. Jerusa aliondoa sufuria kwenye moto, akairudisha, akaiondoa tena. Mguu wa kushoto wa Rodah, ule mzuri, ulianza kutetemeka kwa kubeba kazi ya miwili, na kutetemeka kukapanda mpaka kwa meno, lakini macho yake hayakutoka mlangoni.

Waliporudi walipita kizingiti kama mara ya kwanza, Kipsang mbele. Alimkuta Rodah amesimama. Akamwangalia, halafu akamwangalia Nicholas.

"Goti hatulitozi kitu," alisema. "Mtu hajitengenezi goti. Lakini wewe, bamwai, nilikuuliza ukasema hakuna, na ulijua iko. Kabla hatujataja ng'ombe wowote, mmoja ameshatoka kwa hesabu. Huyo ni wa uongo."

"Ni haki," Nicholas alisema.

"Dada yangu alitaka watoke wawili."

"Ningekubali."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mmoja." Akaegemeza fimbo ukutani. "Gari letu liko hapo nje. Tukimaliza litapita na mama hospitali. Na tutamaliza mapema, huyu mzee hatasimulia kitu tena. Sasa keti, mama. Hatuwezi kuanza na wewe umesimama."

Rodah alitaka kuketi. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani. Alijaribu kutanguliza mguu wa kulia na mguu ukakataa; ulikuwa umekauka pale ulipo, na goti la kushoto nalo lilikuwa halina nguvu ya kumshusha. Alibaki hivyo, nusu ameinama, mkono kwa bega la mumewe, mbele ya watu wote, akiwa hawezi kusimama na hawezi kukaa.

Rebeccah aliweka kibuyu juu ya meza, akaja, akaingiza bega lake dogo chini ya kwapa la Rodah. Chepkemboi akashika upande wa pili. Na Janeffer, bila mtu kumwambia, akazunguka nyuma akakishika kiti kwa mikono yote miwili kisiteleze.

"Haya, mama," Rebeccah alisema. "Shuka. Tumekushika."

Akaanza kushuka, polepole, akiangalia mbele, uso umekunjamana.

"Umefika?" Chepkemboi akauliza.

"Bado," Rodah alisema. "Msiniachilie bado."